Wasomaji Wauliza: Nikodi Gari Nikitembelea Mji?

Barua za wasomaji wanaojiandaa kusafiri zimefika nyingi, na karibu zote zinagusa jambo moja: gari la kukodi. Tumechagua zenye maswali yanayowahusu wengi. Msimamo wetu tunautaja mapema. Kukodi gari au kutokodi ni uamuzi wa kila siku ya safari, si wa safari nzima. Msafiri anayepima siku moja moja huokoa fedha na muda. Anayeamua kwa mbofyo mmoja pale tovuti ya tiketi inapomwuliza kama aongeze gari, mara nyingi huishia kulipia gari lililoegeshwa.

Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tutakaa mjini siku sita. Siku nne tutazunguka katikati ya mji, siku mbili tunataka kutoka nje ya mji. Mume wangu anataka tuchukue gari tukishuka uwanja wa ndege na tulirudishe tukiondoka. Mimi naona tutalipia gari lililolala. Nani yuko sahihi?

Wewe uko karibu zaidi na ukweli, mama, lakini tuiache hesabu iamue. Chukulia kodi ya gari kwa siku ni 10, halafu pima kila gharama nyingine kwa kipimo hicho. Tuseme bima ya ziada ni 4 kwa siku, maegesho ya usiku mmoja ni 5, na mafuta ya safari zote ni 6. Mpango wa mumeo unakuja hivi: kodi ya siku sita 60, bima 24, maegesho ya usiku tano 25, mafuta 6. Jumla 115.

Mpango wa pili ni gari kwa siku mbili tu. Kodi ya muda mfupi huwa juu kidogo kwa siku, kwa hiyo weka 13, mara mbili 26. Bima 8, maegesho ya usiku mmoja 5, mafuta 6. Ongeza pasi za usafiri wa umma kwa siku nne, watu wawili, kila mmoja 2 kwa siku: 16. Ongeza teksi ya kutoka na kurudi uwanja wa ndege, 6 kila upande: 12. Jumla 73. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Kinachozidisha mpango wa kwanza ni kwamba maegesho na bima hulipwa hata siku ambayo ufunguo haukutoka mfukoni. Na hapo hatujagusa maegesho ya mchana, ambayo katikati ya mji hulipiwa kwa saa.

Mumeo atashinda kama mnakofikia pana maegesho ya bure na siku za nje ya mji zikiwa nne badala ya mbili. Zikibaki mbili, zipangeni zifuatane na ziwe za mwisho. Mnachukua gari kwenye tawi la mjini asubuhi ya siku ya tano na kulikabidhi uwanja wa ndege mnapoondoka, na teksi moja inafutika. Ulizeni kwanza kama kuna ada ya kurudisha mahali tofauti na mlikochukulia. Ndani ya mji mmoja huenda isiwepo kabisa, au ikawa kubwa kiasi cha kuua faida yote. Angalieni pia saa za kazi za tawi, kwa sababu matawi ya mjini hufunga mapema kuliko ya uwanja wa ndege, na mengine hayafungui Jumapili.

Mambo mawili huwaponyoka wengi. Siku ya kukodi ni saa 24 tangu dakika iliyoandikwa kwenye mkataba, si siku ya kalenda. Ukichukua gari saa 3 asubuhi na kulirudisha kesho yake saa 5, umeshaingia siku ya pili. Kampuni nyingi huvumilia dakika 29 au 59, kila moja na kanuni yake, na zikipita unatozwa zaidi, mara nyingi siku nzima. La pili ni bei ya wiki. Siku saba zinaweza kukaribia bei ya siku tano, nawe ukashawishika. Lakini ukirudisha gari siku ya nne, mkataba unaweza kupigiwa hesabu upya kwa bei ya siku moja moja, ukalipa zaidi ya aliyekaa nalo wiki nzima.

Nitajuaje kama mji ninaokwenda unahitaji gari au hauhitaji? Kila mtu ninayemwuliza ananipa jibu tofauti.

Wanatofautiana kwa sababu kila mmoja alilala mtaa wake na kwenda shughuli zake. Usiulize juu ya mji, uliza juu ya njia zako mwenyewe. Fungua ramani, tia alama mahali utakapolala na kila mahali utakapokwenda, kisha tafuta njia ya usafiri wa umma kwa siku na saa utakazosafiri kweli. Ratiba ya Jumanne saa 4 asubuhi haikusaidii ikiwa utarudi Jumapili usiku.

Katika kila njia angalia mambo haya. Kutoka mlangoni hadi kituoni ni umbali gani? Mita 800 ni kama dakika kumi kwa miguu, na kwa mtu mwenye mizigo au goti bovu ni zaidi. Chombo kinapita kila baada ya dakika ngapi? Kinachopita kila dakika kumi unakiendea bila ratiba. Kinachopita kila nusu saa kinaanza kukupangia siku. Utabadilisha mara ngapi? Mara moja inavumilika, mara tatu inachosha. Cha mwisho usiku kinaondoka saa ngapi?

Kisha pima njia hiyohiyo kwa gari, na hapa watu hujidanganya. Dakika zinazotolewa na ramani ni za kuendesha tu. Ongeza dakika kumi hadi ishirini za kutafuta maegesho na za kutembea kutoka hapo. Safari ya dakika 18 inakuwa ya dakika 35, na treni ya dakika 30 inayokushusha mlangoni imeshinda.

Ipo miji ambako jibu ni wazi. Kitovu cha kale cha Venice, Italia, hakina barabara za magari. Gari linakomea mlangoni mwake, uwanja wa Piazzale Roma, na kuanzia hapo ni miguu na boti. Tokyo, Paris na Hong Kong zina reli za kutosha hata gari likawa mzigo. Houston na Los Angeles zimetawanyika, na mtu mwenye miadi katika vitongoji vitatu kwa siku moja atahangaika bila gari. Kwingine kote, fanya kazi hiyo ya ramani. Inachukua nusu saa na inakupa jibu ambalo hakuna jirani anayeweza kukupa.

Bei niliyolipa mtandaoni inasema bima imo. Nasikia ukifika kaunta wanakuuzia bima nyingine. Je, ninahitaji zote mbili?

Hili ndilo eneo linalowagharimu watu kuliko jingine lolote, kwa hiyo tulieleze taratibu. Chini ya neno moja la bima kuna vitu vitatu.

Cha kwanza ni kinga ya madhara unayowasababishia wengine: umemgonga mtu, umebomoa uzio, umeharibu gari la mwenzio. Hii kwa kawaida ni lazima kisheria, nayo huwa ndani ya bei. Tahadhari kwa wanaokwenda Marekani: kinga hiyo inaweza kuwa kile kiwango cha chini kinachodaiwa na jimbo, ambacho ajali mbaya hukimaliza upesi. Huko kuongeza kinga ya aina hii ni jambo la busara.

Cha pili ni kinga ya gari lenyewe likiharibika au kuibwa. Mara nyingi imo, lakini ina eksesi, yaani kiasi unachobeba wewe mwenyewe kabla kinga haijaanza kufanya kazi. Eksesi ikiwa 1,500 na mchubuko wa bampa ukagharimu 600, unalipa 600 yote. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na bima na bado akakatwa fedha nyingi.

Cha tatu ndicho kinachouzwa kaunta: kuondoa au kupunguza eksesi hiyo. Ni bidhaa halali, ila bei yake kwa siku inaweza kukaribia kodi yenyewe. Kabla hujasaini, tafuta kwenye masharti orodha ya visivyokingwa. Mara nyingi ni tairi, rimu, vioo, paa, sehemu ya chini ya gari, klachi, funguo zilizopotea, na kutia mafuta yasiyo yake. Visome tena na uone kilichomo: ndivyo hasa vinavyoharibika mjini. Rimu inasagwa kwenye ukingo wa barabara, kioo cha pembeni kinang'olewa kwenye kichochoro, chini kunakwaruzwa kwenye mteremko wa karakana ya maegesho. Kinga isiyogusa hivyo inakusaidia kwenye ajali kubwa tu.

Njia nyingine ni kununua bima ya eksesi kwa kampuni ya bima inayojitegemea kabla hujasafiri. Mara nyingi ni nafuu, na nyingi hukinga tairi na vioo. Elewa inavyofanya kazi: kampuni ya gari itakukata wewe kwanza, kisha utadai urejeshewe. Kwa hiyo dhamana itazuiwa kwenye kadi yako kama kawaida, na wa kaunta ana haki ya kukwambia kwamba bima hiyo yeye haimhusu. Ili udai usikataliwe, weka mkataba, fomu ya hali ya gari ya kuchukua na ya kurudisha, picha, ripoti ya polisi ikiwa kulikuwa na ajali au wizi, ankara ya matengenezo na uthibitisho kwamba ulikatwa. Karatasi moja ikikosekana, madai hukwama.

Baadhi ya kadi za mkopo nazo hutoa kinga ya gari la kukodi. Masharti ya kawaida ni kwamba kodi yote ilipwe kwa kadi hiyo, ukatae kinga ya kampuni, na nchi unayokwenda isiwe kwenye orodha ya zilizotengwa. Omba masharti hayo kwa maandishi kutoka benki. Neno la simu halitoshi.

Na kinga hizi zinaweza kuanguka kwa pamoja ukiendesha umelewa, akishika usukani mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba, au ukipeleka gari kwenye njia ambazo mkataba umezikataza. Usimpe ndugu gari hata la kusogeza mita kumi kama jina lake halimo.

Nina kadi ya benki ya kawaida yenye fedha za kutosha. Kwa nini wanadai kadi ya mkopo?

Kwa sababu wanataka kuzuia dhamana, na kadi ya mkopo inawaruhusu kuzuia fedha ambazo hujazitumia. Ukiwa na kadi ya benki, zinazozuiwa ni fedha zako halisi, na baadhi ya matawi hayaikubali kabisa au huikubali kwa sharti ununue kinga kamili. Soma masharti ya tawi lile utakalochukulia gari, si ya kampuni kwa ujumla, maana hutofautiana. Kadi iwe na jina la dereva mkuu, yaani jina lilelile la kwenye mkataba. Kadi ya mke, ya mume au ya mwajiri haipiti.

Pigia hesabu kikomo cha kadi. Kikomo kikiwa 2,000 na gari likazuia 1,500, zimebaki 500, na hoteli nayo inaweza kutaka kuzuia chake. Watu wamekwama mapokezi usiku kwa sababu hiyo tu. Dhamana haiachiwi saa unayorudisha ufunguo. Benki inaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki na zaidi. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua ya kwenu, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na wenye mashine, na mara nyingi kinakuumiza.

Leseni ya kimataifa ni lazima? Nimeona tovuti inaiuza kwa dakika tano.

Iepuke tovuti hiyo. Kibali cha kimataifa cha kuendesha gari ni tafsiri rasmi ya leseni yako, hutolewa na mamlaka au chama kilichoidhinishwa katika nchi iliyokupa leseni, na hakina nguvu bila leseni yenyewe kando yake. Kadi zinazouzwa ovyo mtandaoni kwa jina la leseni ya kimataifa hazitambuliwi na polisi, na bima inaweza kukuruka.

Kuna mikataba miwili mikuu, wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968. Kibali cha 1949 hudumu mwaka mmoja. Cha 1968 kinaweza kufika miaka mitatu. Tofauti hii ina uzito: Japani hukubali cha 1949 tu, na mwenye cha 1968 peke yake hapewi gari. China bara haikubali kibali chochote cha aina hii. Huko unahitaji leseni ya muda ya Kichina. Kwa hiyo angalia kwanza nchi unayokwenda imo katika mkataba upi, ndipo uombe. Ukiwa chini ya miaka 25, au leseni yako haijafikisha mwaka, ulizia ada ya ziada au zuio. Kampuni nyingine huweka kikomo cha umri wa juu pia.

Nasikia faini hufuata mtu nyumbani miezi mingi baada ya safari. Inakuwaje mtu apigwe faini na hakusimamishwa na polisi?

Kamera inasoma namba ya gari. Namba inaelekeza kwa kampuni, kampuni inatoa jina na anwani yako, na barua inakuja. Kampuni hukukata ada kwa kazi hiyo ya kutoa jina, na ada hiyo si faini. Faini yenyewe inakuja baadaye, pembeni.

Kinachowakamata wageni zaidi ni maeneo yenye masharti ya kuingia. Miji mingi ya Italia ina maeneo ya ZTL, yaani ya magari yenye ruhusa tu, katika kitovu cha kale: kibao chake ni duara jeupe lenye mzingo mwekundu, saa zimeandikwa chini, kamera iko juu. Kila unapopita ni kosa jipya, hivyo aliyepotea na kuzunguka mara tatu anaweza kupata faini tatu. Ukilala hoteli iliyo ndani, wapigie kabla ya kufika na uwaombe wakusajilie namba ya gari, halafu uthibitishe kwamba wamefanya hivyo. Ramani ya simu inaweza kukupitisha humo bila kukuonya.

Miji mingine hutoza kuingia. Singapore ilianza 1975, London 2003, Stockholm iliufanya utaratibu huo wa kudumu 2007, na New York ilianza Januari 2025 kwa sehemu ya Manhattan inayoanzia mtaa wa 60 kwenda kusini. London hakuna kizuizi wala kibanda cha kulipia; ni juu yako kujua kwamba umeingia na kulipia kwa namba ya gari. Ujerumani ina maeneo yanayodai stika ya mazingira kwenye kioo cha mbele. Gari lililokodiwa humohumo kwa kawaida huwa nayo, lakini lililokodiwa nchi jirani huenda halina.

Kuhusu barabara za kulipia, uliza swali moja kaunta: kifaa cha kulipia kilichomo garini kinatozwa siku nilizopita tu, au siku zote za mkataba? Jibu la pili likiwa ndilo na wewe utapita mara moja, lipa kwa njia nyingine ikiwa ipo. Barabara zisizopokea fedha taslimu zinaongezeka, kwa hiyo usitegemee sarafu za mfukoni.

Tuko watu wazima wawili na watoto wawili, wa miaka 3 na 7. Gari nililoona kwenye picha litatutosha na mizigo?

Picha usiitegemee. Hukodi gari la kwenye picha, unakodi kundi, na ndiyo maana chini yake huandikwa "au linalofanana nalo". Tafuta msimbo wa herufi nne kwenye nafasi uliyoweka. Herufi ya kwanza ni ukubwa: E ni dogo la bei nafuu, C ni kubwa kidogo, I ni la kati. Ya pili ni umbo: W ni gari refu lenye buti iliyoungana na sehemu ya abiria, F ni gari la juu la aina ya SUV, D ni la milango minne au mitano. Ya tatu ni gia: M ni gia za mkono, A ni otomatiki. Ya nne ni mafuta na kiyoyozi, R ikimaanisha kiyoyozi kipo na aina ya mafuta haijatajwa. CDAR basi ni gari la kundi C, milango minne au mitano, otomatiki, lenye kiyoyozi. Kama hujazoea klachi, hiyo herufi ya tatu ndiyo ya kukagua kabla ya nyingine zote.

Kwa familia yenu, masanduku mawili makubwa na kigari cha mtoto vitajaza buti ya gari dogo kabla mikoba haijaingia. Panda kundi moja juu, na ikiwezekana chagua lenye W. Gari lenye mizigo kwenye viti linawaita wezi.

Viti vya watoto ni viwili, kwa aina mbili. Wa miaka 3 anahitaji kiti chenye mikanda yake. Wa miaka 7 kwa kawaida bado anahitaji kiti cha kumwinua. Ulaya sheria huangalia urefu: chini ya sentimita 150, au 135 katika nchi zilizochagua hivyo. Viti vya kukodi hutozwa kwa siku, havihakikishwi hadi tawi likuthibitishie, na mara nyingi wahudumu hawavifungi. Kazi hiyo ni yako. Kagua stika ya R44 au R129, ambavyo ni viwango vya usalama vya viti hivyo, mikanda isiyopasuka, na kifungio kinacholia kikifunga. Kiti kisitikisike zaidi ya sentimita mbili na nusu pale mkanda unapopita. Mashirika mengi ya ndege hubeba kiti cha mtoto bila malipo, na kwa safari ya wiki kuja na chenu kutawaokolea fedha na wasiwasi.

Nchi ninayokwenda wanaendesha upande usio wetu. Nitaweza?

Utaweza, ukijipunguzia kazi. Chukua otomatiki ili mkono usitafute gia mahali pasipo pake. Anza mchana, nje ya kitovu cha mji, na kamwe usianze baada ya kuruka usiku kucha. Kosa la hatari halitokei penye foleni, kwa sababu hapo unafuata aliye mbele. Linatokea unapotoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu, au baada ya kukata kona asubuhi mapema. Kumbuka kanuni moja: dereva hukaa upande wa katikati ya barabara. Ukijikuta uko upande wa ukingo, simama kwanza. Na wageni wengi huliegemeza gari upande wa abiria bila kujua; hapo ndipo zile rimu na vioo visivyokingwa vinapoumia.

Je, si bora kukodi gari pamoja na dereva wake?

Kwa siku moja ya nje ya mji, mara nyingi ndiyo, hasa mkiwa wanne mnaogawana. Huna dhamana, huna eksesi, huna maegesho ya usiku. Kubaliana kwa maandishi kabla ya kuondoka: saa ngapi zimelipiwa na saa ya ziada ni kiasi gani, kilomita ngapi zimo, mafuta, tozo na maegesho analipa nani, dereva akilala njiani, malazi na chakula chake ni juu ya nani. Uliza kama gari lina bima ya kubeba abiria kwa malipo, kwa sababu bima ya gari binafsi inaweza isikukinge. Dereva aliyekuchukua saa 11 alfajiri usimtegemee akurudishe saa 5 usiku. Panga siku fupi.

Nilirudisha gari salama, wiki mbili baadaye nikakatwa fedha za mkwaruzo nisioujua. Nifanye nini safari ijayo?

Kazi kubwa ifanyike kabla hujatoka na gari. Lizunguke na video moja isiyokatika, anza na namba ya gari, pita polepole pembe zote nne, kila rimu kwa karibu, kingo za chini za milango, chini ya bampa la mbele, kioo cha mbele na paa. Malizia ndani: kilomita, kipimo cha mafuta, taa za onyo, na uhakikishe spea au pampu ya tairi ipo. Gari likiwa chafu au limelowa, omba lifutwe, kwa sababu maji huficha mikwaruzo. Mkiwa kwenye karakana yenye giza, litoe nje kwanza. Kila dosari iandikwe kwenye fomu na mhudumu asaini. Picha ya simuni bila fomu ni ushahidi dhaifu. Itume video kwako mwenyewe kwa barua pepe saa hiyohiyo ili tarehe ibaki.

Wakati wa kurudisha, rudia video ileile na uende saa za kazi. Ukitumbukiza ufunguo kwenye sanduku usiku, katika mikataba mingi gari linabaki mikononi mwako hadi watakapolikagua asubuhi, na lolote likitokea usiku ni lako. Jaza mafuta kituo kilicho karibu, chini ya kilomita 10, na risiti ionyeshe anwani na saa. Subiri mhudumu akague, kisha omba karatasi inayosema gari limepokelewa bila uharibifu mpya.

Kwa hilo la sasa, andika ukipinga ndani ya siku chache. Dai picha zenye tarehe, fomu ya kuchukua, na ankara ya fundi, si makadirio. Wasipokupa, peleka pingamizi benki ukiambatanisha barua zako. Benki zina muda maalumu wa kupokea pingamizi za makato ya kadi, kwa hiyo ulizia leo siku ulizobakiwa nazo.